Kuiamsha kamera ya filamu ya zamani ukiwa Lamu: mota, betri na nyaya

Kamera nyingi za filamu zilizolala kabatini hazijaharibika mota. Kilichokufa ni betri. Mwenyewe anabonyeza swichi, haisikiki sauti yoyote, anaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati, na hapo inakaa miaka ishirini. Ukiifungua unakuta mota imara, gia safi, na ndani ya mpini betri ya nikeli iliyovuja zamani. Chuma kilichochongwa Ujerumani, Ufaransa au Uswisi kwa ustadi ule hakistahili kutupwa kwa sababu ya betri.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Lamu, Shela, Pate au Malindi aliyeipata kamera kama hiyo, hasa ya milimita 16, na anataka kuitengenezea umeme wake mwenyewe. Si lazima uwe fundi. Unahitaji mita ya kupimia umeme, pasi ya solda, bisibisi ndogo, na subira. Filamu ni ghali na kila futi inahesabiwa, kwa hiyo kazi yote iliyoandikwa hapa inafanyika kabla hujapakia hata futi moja ya filamu mpya.

Hatua ya kwanza: jua kamera yako inaendeshwa na nini

Anza na zisizohitaji umeme. Bolex H16, iliyoanza kutengenezwa Uswisi mwaka 1935, inaendeshwa na springi. Ukiikaza hadi mwisho, inakwenda kama sekunde 28 kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, halafu unaikaza tena. Krasnogorsk-3 ya Urusi ya Kisovieti nayo ni ya springi. Kijibetri chake kidogo ni cha kipima mwanga tu, na isipokuwepo kamera inakwenda vilevile. Ushauri wangu ni wa wazi: kama unayo moja ya hizi na hurekodi sauti ya watu wakizungumza, usijisumbue na mota. Mafundi wa Matondoni wanapopigilia mbao za jahazi, sekunde 28 za picha moja ni nyingi mno, na utakuwa umeshahamia upande mwingine kabla springi haijaisha. Springi haijui stima imepotea, na haiogopi siku tatu Kizingitini pasipo pa kuchajia.

Ila usiifungue nyumba ya springi. Chuma kile kimekunjwa kwa nguvu kubwa na kinaweza kukukata vidole.

Ukitaka Bolex iende mfululizo, zipo mota za pembeni, kama MST na ESM, zinazotumia volti 12. Kabla ya kufunga mota ya pembeni ni lazima springi itolewe kwenye gia kwa kile kitasa cha ubavuni. Ukisahau, mota inashindana na springi na kitakachovunjika ni jino la gia.

Sasa za umeme. Hapa usikisie, kwa sababu watu huamini kila kamera ni volti 12, na sivyo. Arriflex 16 St, iliyotoka mwaka 1952 na bado inafanya kazi duniani kote, inatumia volti 8. Arriflex 35 IIC, ya filamu ya milimita 35, mota zake nyingi ni za volti 16. Beaulieu R16 ya Ufaransa ni volti 7.2. CP-16 ya Marekani, iliyopendwa na watu wa habari za televisheni, ni volti 20. Éclair NPR, Éclair ACL, Arriflex 16 BL na Bolex za umeme kama EBM na EL, hizo ndizo za volti 12. Na hata ukiikuta kamera yako kwenye orodha hii, soma kibao kilichopigwa kwenye mota yenyewe. Mota za Arriflex hutoka na kubadilishwa, na aliyekuwa nayo kabla yako huenda aliifungia mota nyingine kabisa. Kilichoandikwa kwenye mota ndicho cha kufuatwa.

Kuna aina tatu za mota utakazokutana nazo, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni ile ya kuongeza na kupunguza mwendo kwa kuzungusha kitasa. Mwendo wake unafuata volti: betri ikichoka, nayo inapunguza. Ya pili ina gavana ndani, yaani vikontakti vidogo vinavyofunguka na kufunga kwa nguvu ya mzunguko ili mwendo ubaki palepale. Ya tatu ni ya kristali, yenye kipande cha kwazi kinachohesabu muda na saketi inayoilazimisha mota iende sawa na hesabu hiyo. Ukitaka kurekodi sauti pembeni, kwa simu au kinasa, halafu uioanishe na picha, unahitaji ya kristali. Hizo mbili nyingine zitakupa midomo inayoachana na maneno baada ya muda mfupi.

Hatua ya pili: safisha sehemu ya betri

Toa betri ya zamani hata kama inaonekana nzima. Hapa pwani utakuta unga mweupe au wa kijani kwenye terminali. Mwingine ni wa betri iliyovuja, mwingine ni shaba iliyoliwa na hewa ya chumvi. Majimaji ya betri za nikeli na za alkalini ni ya upande wa magadi, kwa hiyo huuawa na asidi nyepesi: chovya pamba ya masikioni kwenye maji ya ndimu au siki, sugua mpaka unga uache kutoa povu, kisha pitisha pamba nyingine yenye maji safi kidogo, na mwisho spiriti. Usiruke spiriti, kwa sababu ndimu ikibaki nayo itakula chuma. Kama ilikuwa betri ya asidi, kama baadhi ya zile za mkanda wa kiunoni, ni kinyume chake: tumia baikabonati ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji.

Vaa miwani. Unga ule usiuguse halafu ukajifuta jicho, na betri ya nikeli-kadimiamu usiitupe baharini wala jaani kwa punda na paka. Kadimiamu ni sumu. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko mpaka upate pa kuipeleka Mombasa.

Baadaye pima kwa mita kutoka terminali hadi plagi ya mota. Upinzani uwe karibu na sifuri. Ukisoma omu kadhaa, kuna waya ulioliwa ndani ya ngozi yake. Ukiukunja utausikia ukikatika kama mchanga chini ya plastiki. Badilisha wote, usiunge.

Hatua ya tatu: mota yenyewe

Zungusha kamera kwa mkono kwanza. Karibu zote zina kifundo cha kusogeza fremu moja moja. Igeuze taratibu upande inakokwenda filamu, ukitazama kwenye lango la filamu jinsi kucha, kile kijino cha chuma kinachovuta filamu kwa matundu yake, inavyoingia na kutoka. Ikiwa nzito, usiitie umeme. Grisi ya zamani hukauka ikawa gundi, na mota ikilazimishwa kuivuta inakunywa ampea nyingi mpaka iungue. Grisi hiyo inahitaji kusafishwa na anayejua kamera, na hapo lipa tu. Usipulizie ndani yale mafuta ya makopo ya kulegeza kutu: yanasambaa mpaka kwenye shata, kile kisahani kinachofungua na kuziba mwanga, na kwenye lenzi, na filamu itatoka na madoa.

Ikizunguka laini, angalia kaboni. Mota nyingi za zamani zina brashi mbili za kaboni zinazogusa komyuteta, ile silinda ya shaba inayozunguka na mota, kila moja chini ya kifuniko kidogo cha skrubu. Zitoe moja moja na uweke alama ya upande uliokuwa juu, kwa sababu kila moja imejichonga kufuata mviringo wake na ikirudishwa kinyume itapiga cheche. Ikiwa fupi kiasi kwamba springi yake karibu inagusa komyuteta, badilisha. Mafundi wa kuwaindi mota za pampu pale Malindi wana kaboni kubwa wanazoweza kuzisugua kwa msasa laini zikafikia kipimo chako. Kaboni ni kaboni, muradi isiwe ngumu kupita ile ya awali. Kazi ya kuiwaindi upya mota ya kamera, lakini, usiwape haraka. Waya wake ni mwembamba sana na uzani wa rota umesawazishwa kiwandani. Mota ya pampu ikitikisika kidogo hakuna neno, ya kamera ikitikisika picha nayo inatikisika.

Komyuteta ikiwa nyeusi, isafishe kwa kifutio cha penseli huku ukiizungusha kwa mkono. Kisha pulizia vumbi litoke kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, maana pumzi ina maji. Kwa mota ya gavana, pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya vikontakti na ukivute; kikitoka na mstari mweusi, rudia kwa karatasi nyingine iliyoloa spiriti kidogo. Msasa usitumie hapo.

Mota za kristali zina ugonjwa wao: kapasita za elektroliti zilizokauka. Dalili ni kamera inayoanza vizuri kisha taa ya onyo inawaka, au inayokataa kushika mwendo mpaka ipate moto. Fundi redio mzuri anaziweza. Mwambie aweke za maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na zile za kuhimili joto la nyuzi 105, kwa sababu mchana wa kaskazi ndani ya mfuko mweusi hazitaonewa huruma.

Hatua ya nne: kuiwasha mara ya kwanza

Kamera ambayo haijaonja umeme kwa miaka isiunganishwe moja kwa moja na betri kubwa. Betri ya lithiamu au ya sola inaweza kutoa makumi ya ampea papo hapo, na kama kuna shoti ndani, utaijua kwa moshi. Kama shule ya ufundi iliyo karibu nawe ina pawa saplai ya mezani yenye kikomo cha ampea, omba kuitumia. Huna? Chukua balbu ya breki ya pikipiki au tuktuk, ya volti 12 na wati 21, uiunge kwenye waya wa chanya kati ya betri na kamera. Balbu hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 1.75 hivi.

Washa na utazame balbu. Ikiwaka kwa nguvu zote na mota imetulia tuli, kuna shoti au mota imeshikana. Zima. Ikiwaka hafifu na mota ikazunguka polepole, uko salama na sasa unaweza kuitoa balbu. Isipowaka kabisa, njia imekatika mahali: swichi, kaboni au waya. Kipimo hiki kinafaa mota za kaboni za volti 12 na 8. Ya kristali huenda ikagoma kwa sababu balbu inakula volti za saketi, kwa hiyo kwake kugoma peke yake si hukumu.

Balbu ikishatoka, weka mita upande wa ampea 10 na usome. Kamera za milimita 16 zikivuta filamu huwa kwenye ampea moja hadi tatu, na wakati wa kuanza hupanda zaidi kwa nukta ya sekunde. Andika namba yako. Yote yanayofuata yanaitegemea. Tena isome ikiwa na filamu chakavu ndani, kwani kamera tupu hudanganya. Na kamera tupu usiiendeshe kwa mwendo wa juu.

Hatua ya tano: kujenga betri

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo kamera nyingi zilizofufuka huuawa mara ya pili.

Kamera ya volti 12 ya zamani ilitengenezwa kwa betri ya nikeli-kadimiamu ya seli 10. Kila seli ni volti 1.2 kikawaida, na ikitoka kwenye chaja inapita 1.4. Maana yake ni kwamba waliounda kamera walijua itapokea volti 14 mwanzoni na kushuka taratibu kufikia 12 na chini yake kidogo. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kuchezea.

Sasa linganisha na unavyoweza kununua leo. Lithiamu ya kawaida, ile ya kompyuta za mkononi, ina volti 3.7 kwa seli na 4.2 ikijaa. Seli tatu zinakupa 12.6 zikijaa, lakini katikati ya safari ni 11.1 na mwisho ni 9: nusu ya pili ya betri kamera haiitaki, na ya kristali itaacha kushika mwendo. Seli nne zinakupa 16.8 zikijaa, na hizo ni nyingi mno kwa saketi ya mwaka 1970. Wauzaji watakuambia betri zote mbili ni za volti 12. Usikubali.

Inayokaa sawasawa ni lithiamu fosfeti, LiFePO4, inayouzwa sasa kwa ajili ya sola. Seli yake ni volti 3.2, nne ni 12.8, na kwa sehemu kubwa ya safari hubaki karibu na 13 bila kuyumba. Ikitoka tu kwenye chaja inaweza kusoma 14.6, iache ipumzike saa moja kabla ya kuiunganisha. Ukienda dukani Langoni au Malindi, uliza hivi: "Ami, nataka lithiamu ya volti 12.8, si ya 11.1 wala 14.8." Akikuletea, pima mwenyewe kwa mita pale kaunta. Hakikisha ina bodi ya ulinzi ndani, na bodi hiyo inahimili angalau ampea 10, la sivyo kamera ikianza na kuvuta ampea nyingi kwa mkupuo, bodi inakata na utadhani kamera mbovu.

Ukubwa gani? Fanya hesabu hii. Roli la futi 400 la milimita 16 lina fremu 16,000. Kwa fremu 25 kwa sekunde linakwisha kwa sekunde 640, yaani dakika 10 na sekunde 40. Kamera ikinywa ampea 2, roli moja linakula kama ampea-saa 0.36. Maroli kumi, ambayo ni pesa nyingi kuliko wengi wetu tutakazotumia kwa siku, ni ampea-saa 3.6. Betri ya ampea-saa 6 inatosha na kubaki, na uzito wake unabebeka begani kutoka Mkomani hadi Shela kwa miguu. Haina haja ya kubeba betri ya pikipiki ya asidi, ingawa kwa majaribio ya mezani inafaa sana: ni rahisi kupatikana na volti zake zinaelewana na kamera ya 12.

Wanaoruka kutoka uwanja wa Manda nao wana sheria yao. Betri ya lithiamu hadi wati-saa 100 inaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, huku terminali zimefunikwa. Volti 12.8 mara ampea-saa 6 ni wati-saa 76.8. Iandike namba hiyo kwa kalamu nene juu ya kasha.

Kwa Arriflex 16 St ya volti 8, napendelea seli saba za nikeli-metali-haidraidi zilizofungwa mfululizo: volti 8.4, zisizo na hila, zisizowaka moto. Tumia seli nene za saizi ya C au D. Zile nyembamba za rimoti zitashuka volti kamera inapoanza. Seli mbili za lithiamu ya kawaida nazo zinafaa, 8.4 zikijaa, ila mwendo wa mota utashuka pamoja nazo na utakuwa unarekebisha kitasa kila mara.

Kuna watu wanaotumia kile kibodi kidogo cha kushusha volti kutoka 12.8 hadi 8. Kinafanya kazi, na ni rahisi. Lakini kikifa, mara nyingi hufa kwa kuacha njia wazi, na volti 13 zote zinaingia kwenye mota ya 8. Ukilazimika kukitumia, kirekebishe kwanza bila kamera, pima, kisha dondoshea rangi ya kucha kwenye skrubu ya kurekebishia isisogezwe na mtikisiko wa mashua. Ongeza kapasita ya maikrofaradi 2,200 ya volti 25 upande wa kutokea, isaidie mota kuanza. Na chagua kinachodai ampea mara mbili ya unazohitaji. Madai ya vibodi hivi huwa makubwa kuliko uwezo wao.

Fyuzi si ya hiari. Ikae kwenye waya mwekundu, sentimita chache kutoka terminali ya betri, si huko karibu na kamera. Ukubwa wake uwe kama mara mbili ya ampea ulizoandika. Kamera ya ampea moja na nusu, weka fyuzi ya gari ya 3, na ikiwa inaungua wakati wa kuanza tu, panda hadi 5. Usipande zaidi.

Kuhusu nyaya, watu hununua nyembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, wenye urefu wa mita 5 kutoka betri hadi kamera, ukipitisha ampea 2 unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Kwa kamera ya volti 8 hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya chakula chake. Wa milimita mraba 1.5 unapoteza chini ya robo volti. Fupisha waya, nenepesha waya.

Hatua ya sita: plagi, na chanya ni ipi

Plagi za XLR, zile za mviringo za pini 4, zina mpangilio uliozoeleka: pini ya 1 hasi, pini ya 4 chanya. Usiutegemee. Kamera za miaka ile hazikufuata utaratibu mmoja, na nyingine zimeshabadilishwa nyaya na mafundi waliopita. Fungua plagi ya kamera, fuata waya kwa macho na kwa mita mpaka ufike kwenye mota au bodi, ndipo usolde.

Chanya na hasi zikibadilishana, mota ya kaboni itarudi nyuma, na kucha inaweza kurarua matundu ya filamu. Ya kristali itaungua bodi. Kinga yake ni diodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya aina ya Schottky ya ampea 5, kwenye waya wa chanya. Inakula chini ya nusu volti, na kwa betri ya 12.8 hilo halina madhara. Kwa ya volti 8 ningeiacha diodi na badala yake nitumie plagi isiyoweza kuingia kinyume.

Ukishamaliza kusolda, vuta kila waya kwa nguvu. Solda nzuri inang'aa na imetambaa juu ya shaba. Iliyojikusanya kama tone la nta imeshika juu juu na itaachia siku ya kazi.

Hatua ya saba: kupima mwendo

Umeme wetu wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na hiyo inakupa kipimo cha bure. Taa ya tyubu ya zamani, ile yenye choki na stata, inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kata duara la karatasi lenye kipenyo cha sentimita 4 hivi, ligawe vipande vinane sawa, paka rangi nyeusi kimoja na kuruka kimoja, upate vyeusi vinne. Libandike kwenye shafti inayozunguka mara moja kwa kila fremu; kwenye Bolex ni ile ya moja kwa moja, na kwenye kamera nyingine geuza kifundo kwa mkono ukiangalia shata ili ujue. Kaa chini ya tyubu, washa kamera kwa fremu 25. Mizunguko 25 mara vipande 4 ni 100. Vipande vyeusi vitaonekana vimesimama. Vikitambaa kuelekea inakozunguka shafti, kamera ina haraka. Vikirudi nyuma, inachelewa. Ikiwa shafti inazunguka nusu kwa kila fremu, chora vyeusi vinane.

Kipimo hiki hakifai ukiwa kwenye jenereta au inveta, wala chini ya taa za LED na tyubu mpya za elektroniki. Na ni cha fremu 25 tu. Kwa 24, chukua filamu chakavu, pima mita 7.62, ambazo ni futi 25 na fremu 1,000, weka alama za wino mwanzo na mwisho, na uipitishe huku ukishika saa: sekunde 41.7 kwa mwendo wa 24, na 40 kwa 25.

Nakushauri uchague 25. Televisheni ya kwetu imejengwa juu ya namba hiyo, na ukipiga picha ndani ya duka lenye taa za stima ya Kenya, kwa 25 picha haitapepesa. Kwa 24 unahitaji shata yenye uwazi wa nyuzi 172.8 ili upate utulivu huohuo, na kamera nyingi za zamani huwezi kuzirekebisha kiasi hicho.

Rudia kipimo na betri ikiwa imejaa, kisha ikiwa imebaki robo. Mota ya gavana au ya kristali iliyo nzima haitaonyesha tofauti. Ikionyesha, rudi kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya nane: kuchaji, na kuishi na chumvi

LiFePO4 ina chaja yake, ya volti 14.6. Chaja ya betri za asidi yenye hatua ya kusafisha betri kwa volti za juu itaiharibu. Ukichaji kwa sola, kontrola iwe na chaguo la lithiamu. Usichaji chini ya jua wala kwenye chumba cha bati saa saba mchana; joto likipita nyuzi 45, subiri jioni.

Kwenye mashua, betri ikae kwenye kisanduku chenye kifuniko, juu ya mbao, si chini kwenye maji ya ngama. Plagi zote zifunike kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukirudi, futa plagi na terminali kwa kitambaa chenye spiriti usiku huohuo, maana wakati wa kusi matone ya bahari hufika hata pale usipoyaona, na asubuhi chumvi imeshaanza kula.

Kuhifadhi: toa betri ndani ya kamera. Lithiamu iache ikiwa nusu, si kavu na si tele. Springi ya Bolex au Krasnogorsk iache ilegee yote. Kila mwezi izungushe kamera kwa mkono fremu chache, na kila miezi miwili iendeshe kwa umeme dakika moja na filamu chakavu ndani, ili kaboni na beringi zisishike. Weka vifuko vya silika ndani ya sanduku na uvikaushe juani vikibadilika rangi.

Ndani ya kifuniko cha sanduku bandika karatasi yenye mambo manne: volti za mota, ampea ulizopima, ukubwa wa fyuzi, na pini ipi ni chanya.